Gari Jipya Linapolia kwa Nyuma

Aghalabu mlio huu haujidhihirishi mjini. Mwenye gari huzunguka Ukunda na Diani siku nenda siku rudi, baina ya matuta na bodaboda, asisikie kitu. Hata siku atakapoelekea kusini, akaiacha Msambweni nyuma, barabara ikanyooka na mwendo ukafika kilomita 70 au 80 kwa saa, ndipo uvumapo chini ya kiti cha nyuma mluzi mwembamba usiokoma, akikanyaga mafuta hupanda, akilegeza hushuka, ukamfuata hadi njia panda ya Kanana, akakunja kushoto, akateremka nao mpaka Shimoni. Akifika, mashaka ndiyo kwanza yanaanza, kwani huyu atamwambia ni difu, yule atasema ni beringi, wa tatu ataapa kwamba ni matairi tu, na wa nne, ambaye ndiye wa kuogopwa kuliko wote, atamwambia usijali, litazoea. Muradi wa mwongozo huu ni kumwezesha msomaji kuusikiliza mlio huo kwa taratibu, ajue watoka wapi kabla hajamkabidhi mtu ufunguo wala fedha, kwa sababu difu ikifunguliwa pasipo haja, hata na fundi stadi, ni nadra kurejea utulivu ule iliotoka nao kiwandani.

Ieleweke kwanza kwamba katika pwani hii gari jipya, mara nyingi, ni lile lililokwisha kutumika Japani. Kaida ya Shirika la Viwango la Kenya, ijulikanayo kwa namba KS 1515, hairuhusu kuingizwa nchini gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwa hivyo lile lishushwalo Kilindini laweza kuwa na rangi ing'aayo na viti visivyo na doa, ilhali difu yake imezunguka miaka saba kwa oili ile ile ya siku ya kwanza. Usafi wa bodi si ushahidi wa yaliyomo ndani ya chuma.

Baada ya hayo, jua kama gari lako lina difu huko nyuma au halina; jambo hili laonekana dogo, lakini limewagharimu watu fedha nyingi. Hiace, Hilux, Land Cruiser na Jimny zote zina ekseli yenye difu baina ya magurudumu ya nyuma. Demio na Fielder za kawaida huvutwa kwa magurudumu ya mbele, na nyuma hakuna gia yoyote ila matairi, breki na beringi. Isipokuwa zile zilizoundwa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambazo zina difu ndogo iliyofichwa chini ya sakafu, nazo kwa nje hazina tafauti kubwa na wenzao. Inama uchungulie: ukiona mti mrefu wa chuma, ule waitao propela, umetoka kwenye giriboksi ukaishia katika bonge la chuma baina ya magurudumu, unayo difu. Usipouona, wala gari lako halina mota ya umeme huko nyuma, na fundi akakwambia kwamba difu yako ya nyuma imekwisha, umekwisha kumjua fundi huyo.

Ndani ya bonge hilo mna gurudumu kubwa la meno, krauni, na jingine dogo, pinioni, lililo mwisho wa propela. Tangu mwaka 1926, kampuni ya Packard ya Marekani ilipoanza kutumia katika magari yake meno ya kupinda ambayo pinioni yake hukaa chini ya kitovu cha krauni, waundaji wengi wamefuata njia hiyo, kwa kuwa meno hayo ni kimya na yana nguvu. Ila yana sharti moja, nalo ni kwamba hayabingiriki tu juu ya wenzake bali huteleza kwa kusuguana, na bila ya oili maalumu yenye kustahimili msuguo huo huchubuka nyuso katika muda mfupi, na uso uliochubuka ndio uimbao. Tena pinioni huzunguka takriban mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na hapa ndipo sikio lipatapo dalili yake ya kwanza: kilio cha pinioni na beringi zake ni chembamba na cha juu, na kilio cha beringi ya gurudumu ni kizito, cha chini, chenye kukoroma.

Sasa tusikilize. Chagua asubuhi mapema, barabara ya Msambweni hadi Ramisi ikiwa bado tupu, pima upepo wa matairi, zima redio na kipoza hewa, na umkalishe nyuma mtu mwenye masikio mazuri, kwa sababu dereva ana kazi yake. Tafuta mwendo ambao mlio una nguvu zaidi, na aghalabu hujitokeza baina ya mwendo fulani na fulani tu. Ukiupata, fanya mambo matatu kwa mfululizo: kwanza kanyaga mafuta kiasi cha kuongeza kasi, kisha ondoa mguu kabisa, gari lijivute lenyewe, kisha kanyaga kidogo mno, kiasi cha kulishika gari lisiongeze wala lisipunguze. Mlio ukipanda unapokanyaga na kufifia unapoachia, nyuso za mbele za meno zimelika, au pinioni imehama mahali pake. Ukija unapoachia tu, shuku kwanza nati ya pinioni iliyolegea na beringi zake. Ukivuma sawasawa katika hali zote tatu, haujali mguu wako unafanya nini, difu yaelekea haina hatia, na ni haki kugeukia beringi za magurudumu na matairi.

Beringi ya gurudumu hufichuliwa na usukani. Mahali palipo wazi, pasipo gari mbele wala nyuma, yumbisha gari taratibu kushoto, kisha kulia. Gari likienda kushoto uzito wote hulalia upande wa kulia, na beringi mbovu ya kulia hapo hulalamika; ukirudi kulia hunyamaza. Kwa hivyo mlio uzidio ukielekea kushoto hutoka kulia, na kinyume chake, na wapo waliobadilisha beringi nzima wakaiacha mbovu kwa kutojua hili tu. Ukirudi nyumbani, fungia magurudumu ya mbele kwa mawe au vipande vya mbao, inua la nyuma kwa jeki na uliegemeze juu ya stendi, weka gia katika nyutro, kisha lizungushe kwa mkono mmoja huku kiganja cha mkono wa pili kimeshika springi ya mviringo ya upande huo huo. Beringi nzima huzunguka na springi ikatulia mkononi. Iliyoliwa hutuma mtetemo wa chembechembe, kama mchanga baina ya vidole, na mtetemo huo hupanda ndani ya springi hata kama sikio halisikii kitu. Wala usiwashe injini gurudumu moja likiwa juu: magari mengine, hasa yale yavutayo kwa magurudumu manne, huruka kutoka kwenye jeki.

Matairi nayo ni waongo wakubwa. Gari lililokaa miezi melini na yadini hupata bapa katika matairi, na tairi la Kijapani lililotengenezwa kwa barabara baridi huliwa kwa mawimbi likifika kwenye joto letu na changarawe zetu. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kwa mbele, kisha kwa nyuma: likiwa laini njia moja na lenye kukwaruza njia ya pili, hilo huimba. Soma vilevile tarakimu nne za mwisho zilizochongwa ubavuni baada ya herufi DOT. 2319, mathalani, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha hamisha ya nyuma yaje mbele na ya mbele yaende nyuma. Mlio ukihama pamoja nayo, jawabu umelipata kwa gharama ya spana tu. Dalili nyingine ya matairi ni kwamba mlio wao hubadilika pale uso wa lami ubadilikapo, lami laini ikaisha na yenye kukwaruza ikaanza, ilhali difu na beringi hawana habari na lami. Na kwa wenye magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, hadhari moja: usitie matairi mawili mapya ukaacha mawili yaliyoisha, kwani mzingo ukikhitilafiana magurudumu hayaendi sambamba, na kiungo kinachogawa nguvu baina ya mbele na nyuma hupata moto na kulia, nawe ukadhani umeuziwa gari bovu.

Ikiwa gari lako ni lile litumialo mafuta na umeme pamoja, lenye mota ya umeme kwenye ekseli ya nyuma, kama baadhi ya Harrier, mluzi mwepesi wa mota wakati wa kuondoka na wa kupunguza mwendo ni tabia yake. Na nyaya nene za rangi ya chungwa zilizo chini yake usiziguse, wala usimruhusu fundi asiyezisomea aziguse.

Nimefika kwenye lile ambalo, kwa mtu wa Shimoni, ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia, nalo ni maji ya chumvi. Mji huu ambao wageni huujua kwa mapango yake na kwa mashua ziendazo Wasini na Kisite, wenyeji huujua kwa samaki. Na samaki hao husafirishwa kwa magari ambayo barafu yao huyeyuka njiani na kudondosha maji ya chumvi juu ya ekseli, na magari mengine hurudishwa nyuma ufuoni mpaka maji yakafika nusu ya gurudumu, ili kuvuta mashua au kupakia. Difu itokayo safari ya Ukunda ina moto. Ikizamishwa ghafla katika maji, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, nayo hutaka kuvuta nyingine kutoka nje. Juu ya ekseli pana kitundu cha kupumulia chenye kifuniko kidogo kwa kazi hiyo hiyo. Lakini kikizibwa na tope au kutu, difu huvuta kupitia sili za oili, na chenye kuingia hapo ni bahari yenyewe. Wala si Shimoni peke yake: wakati wa masika, njia ya Vanga, ambako mto Umba hufurika, humfanyia dereva vivyo hivyo kwa maji matamu.

Maji yakiingia, oili hugeuka rangi ya maziwa na kupoteza ule utelezi ambao meno ya difu huutegemea. Na yakiwa ya chumvi, beringi zilizosimama usiku mmoja tu katika mchanganyiko huo huanza kupata vitobo vya kutu, na beringi yenye vitobo haina dawa ila kutolewa. Kwa hivyo gari likizama usingoje Ijumaa ipite wala mwezi uishe. Mwaga oili siku hiyo hiyo au kesho yake, tia ya bei nafuu ya daraja lile lile, endesha kilomita chache bila ya mzigo, mwaga tena, ndipo utie ile njema. Na kwa mwenye kuingia majini kila juma kwa sababu ya riziki, namshauri amwambie fundi aondoe kile kifuniko cha kitundu cha kupumulia na aunganishe mpira mwembamba uliopandishwa juu hadi chini ya bodi. Kazi yenyewe ni ndogo, na bei yake hailingani hata kidogo na ya difu.

Kukagua oili kwahitaji adabu moja ambayo hata mafundi huisahau: fungua kwanza nati ya kujazia, iliyo juu, kabla ya kuifungua ya kumwagia, iliyo chini, kwa sababu ile ya juu ikiwa imeshikwa na kutu ikakataa, utabaki na difu tupu na gari lisiloweza kwenda dukani. Gari likiwa juu ya ardhi tambarare, oili yapasa kufika kwenye mdomo wa tundu la kujazia; tia kidole, ukikigusa kimiminiko pale pale mdomoni, imetosha. Iangalie rangi yake, inuse, kisha itazame nati ya kumwagia, ambayo mara nyingi ina sumaku. Ute laini wa kijivu juu ya sumaku ni uchakavu wa kawaida, ufute na usihuzunike. Vipande vinavyoshikika kwa kucha, au sindano za chuma, ni meno au beringi yanayovunjika, na gari hilo halifai kwenda Mombasa kwa magurudumu yake.

Oili ya kutia isiwe ile muuzaji aliyonayo, bali ile inayotakwa na kitabu cha gari. Kitabu chenyewe pengine ni cha Kijapani, lakini herufi na tarakimu kama GL-5 na 75W-85 au 75W-90 zimechapwa kwa hati tunayoisoma sote, wala hazihitaji mfasiri. Difu ya Hilux huchukua zaidi ya lita mbili. Ile ndogo ya magari madogo ya kuvuta kwa manne yaweza kuridhika na nusu lita. Tafauti hiyo ni muhimu, kwani robo lita ikivuja kutoka ya pili, nusu ya uhai wake imevuja.

Ikiwa mlio ulikuwa mdogo na oili ilikuwa chache au chafu, huenda oili mpya ikaupunguza, na ukaishi nao miaka. Usitarajie uponyaji, uso uliochubuka haujipigi msasa. Wala usidanganywe na dawa. Zamani za magari ya kwanza, wauzaji wa magari mabovu, hata Ulaya na Marekani, walitia unga wa mbao au maganda ya ndizi katika difu ili inyamaze mpaka mnunuzi alipe. Leo hutiwa grisi au oili nzito kupita kiasi, na hila ni ile ile. Ukinunua gari kwa mtu, fungua nati ya juu utie kidole kabla ya kutia saini.

Difu ikithibitika kuwa mbovu, una njia mbili. Ya kwanza ni kuifungua na kubadilisha beringi, au krauni na pinioni. Hapa mwulize fundi maswali kabla hajashika spana. Je, ana saa ya kupimia nafasi baina ya meno, ambayo katika difu za magari haya aghalabu haifiki hata robo ya milimita? Je, atapaka meno rangi ili kuona mahali yanapogusana? Je, atatia bushi mpya ile ya kubonyea iliyo baina ya beringi mbili za pinioni, pamoja na nati mpya, au atarudisha za zamani? Akikwambia ya kwamba yeye hupima kwa mkono, mshukuru, uende kwa mwengine. Krauni na pinioni huuzwa pamoja kwa kuwa zilisagwa pamoja. Kuoa krauni ya gari moja na pinioni ya gari jingine ni kununua mlio mpya.

Njia ya pili ni difu kamili iliyotumika, itokayo Japani, na kwa watu wengi wa huku ndiyo yenye nafuu. Hapo hesabu ndiyo kila kitu. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye 10 hutoa uwiano wa 4.1, yenye 43 na 11 hutoa 3.9 na kitu. Kwa macho hazitafautiani, lakini ukiitia ya pili katika gari la kuvuta kwa manne ambalo mbele lina ya kwanza, zitapigana hadi mojawapo ivunjike. Beringi nazo zimejaa bandia madukani. Nunua kwa mtu atakayekupa risiti yenye jina la duka na namba ya kifaa. Na katika magari ya karibuni beringi ya gurudumu huwa na upande wenye sumaku unaosomwa na kihisi cha breki: ikitiwa kinyume, mlio utakwisha na taa ya ABS itawaka, nawe umebadilisha taabu moja kwa nyingine.

Ikiwa gari ulilinunua jipya kweli, kutoka kwa wakala, usimruhusu fundi wa nje aguse difu hata kwa kuonja. Andika barua yenye tarehe, kilomita zilizo kwenye saa, mwendo ambao mlio hutokea na hali za mguu nilizozieleza, kisha mtake fundi wao aketi garini nawe. Wakikwambia ni hali ya kawaida, waombe maneno hayo kwa maandishi. Dhamana huisha kwa miaka au kwa kilomita, lolote litanguliapo, na lalamiko la mdomo halisimamishi saa hiyo. Aliyenunua yadini asidhani kwamba hana haki: Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora wa kiasi, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini sheria humsaidia mwenye karatasi, na kwa hivyo ahadi yoyote ya muuzaji iandikwe kwenye mkataba siku ile ile ya kulipa.

Kazi ikiisha, lipa ujira sehemu tu, na sehemu iliyobaki uishike mpaka wewe na fundi mtakapolichukua gari, likiwa na mzigo wake wa kawaida, hadi Lunga Lunga na kurudi, kwa mwendo ule ule uliokuwa ukilia, ukikanyaga, ukiachia, na ukishikilia. Likiwa bado lalia, na fundi akakwambia litazoea, mrudishie gari, fedha ubaki nazo.